Albert Charles Seward, Mchunguzi wa Majani ya Kale

Jani linavyogeuka kuwa kisukuku

Wanafunzi wa Tlawi, katika wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, wanalijua vema ziwa dogo lililo karibu nao. Upepo uvumapo, majani ya miti na nyasi huanguka ukingoni mwa ziwa. Majani mengi huoza upesi, kwa sababu hewa na vijidudu huyafikia. Lakini jani moja moja huzama topeni, likafunikwa na tope jingine kabla halijaoza. Kila masika maji ya mvua huleta tope jipya, na tabaka moja hulala juu ya jingine. Tope likikandamizwa hivyo kwa muda mrefu mno hugeuka kuwa mwamba, na ndani ya mwamba huo hubaki umbo la jani. Mabaki au alama za kiumbe wa kale zilizohifadhiwa mwambani huitwa kisukuku. Vikiwa vingi huitwa visukuku.

Makaa ya mawe nayo yalianza kwa njia inayofanana na hiyo. Zamani sana mimea ya mabwawani ilianguka na kurundikana kwa wingi. Maji ya bwawa yalizuia hewa, na mimea haikuoza yote. Baadaye ilifunikwa na mchanga na tope, ikakandamizwa, ikapata joto la chini ya ardhi, nayo ikageuka polepole kuwa makaa meusi yanayowaka.

Katika milima ya Mbulu hutaona makaa ya mawe. Miamba mingi ya huko ni migumu na ya kale sana, na mingine ilitokana na volkano. Makaa ya nchi yetu yako kusini: Mchuchuma na Ketewaka katika wilaya ya Ludewa, Ngaka katika wilaya ya Mbinga, na Kiwira upande wa kaskazini magharibi wa Ziwa Nyasa.

Katika miamba inayoandamana na makaa ya namna hiyo huonekana majani yenye umbo la ulimi. Ni majani ya mmea gani? Mmea huo haupo tena po pote duniani. Swali hili liliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mmoja wao alikuwa Mwingereza aitwaye Albert Charles Seward. Katika sura hii tutasoma habari za maisha yake.

Utoto na masomo

Seward alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1863 katika mji wa Lancaster, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Alisoma shule mjini humo. Tangu utoto alipenda kutazama mimea na wanyama. Wazazi wake, hata hivyo, walitaka awe mtumishi wa kanisa, naye alipokwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge alikusudia kuyatimiza mapenzi yao. Huko chuoni upendo wake wa zamani ukamrudia, akaamua kujifunza elimu ya viumbe na ya miamba.

Mwaka 1886 alikwenda Manchester kujifunza kwa mzee mmoja mashuhuri, William Crawford Williamson. Mzee huyu alikuwa hodari wa kuchunguza mimea iliyogeuka mawe katika machimbo ya makaa. Alikata kipande chembamba cha jiwe, kisha kikasuguliwa mpaka kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kipande hicho kiliwekwa chini ya hadubini. Hapo mtazamaji aliweza kuona chembe hai za shina au za mzizi zilivyopangwa, ingawa mmea wenyewe ulikufa mamilioni ya miaka iliyopita.

Seward alijifunza kwa Williamson jambo lililomfaa maisha yake yote. Alijifunza kwamba jiwe lisilo na sura ya kupendeza laweza kuwa na habari nyingi ndani yake, na kwamba habari hizo hazionekani kwa mtu mwenye haraka.

Mwaka 1890 alianza kufundisha elimu ya mimea Cambridge. Mwaka 1892 alipata tuzo kwa insha iliyoeleza jinsi mimea ya kale inavyoweza kutujulisha hali ya hewa ya zamani. Baadaye aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea ya kale, chenye juzuu nne. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1898 na ya mwisho mwaka 1919. Mwaka 1906 alifanywa kuwa profesa wa elimu ya mimea, naye alidumu katika kazi hiyo kwa miaka 30.

Fumbo la jani lenye umbo la ulimi

Miaka mingi kabla ya Seward kuzaliwa, mtaalamu Mfaransa Adolphe Brongniart alichunguza majani ya kale yaliyotoka India na Australia. Mwaka 1828 aliyapa jina la Glossopteris. Jina hili limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya ulimi na jingine lenye maana ya kangaga. Kangaga ni mmea usio na maua wala mbegu, uotao penye kivuli na unyevu. Brongniart alidhani kwamba majani hayo yalikuwa ya kangaga wa kale.

Kwa nini mmea huu ulikuwa fumbo? Kwanza, visukuku vya mimea mara nyingi huwa vipande vipande. Jani huanguka mahali pamoja, shina huvunjika mahali pengine, na mzizi hubaki ardhini. Mchimbaji anapoviona, hajui kwamba vyote vilikuwa vya mmea mmoja. Ndiyo maana mizizi ya mmea huu ilipewa jina lake yenyewe, Vertebraria, kwa kuwa ilionekana kama uti wa mgongo wa mnyama. Pili, mmea huu ulikwisha kutoweka, kwa hiyo hapakuwa na mti ulio hai wa kuulinganisha nao. Tatu, mimea mingi isiyo ya jamii moja huwa na majani yenye umbo linalofanana.

Hebu tuliangalie jambo hili la tatu. Chuma jani la mhindi na jani la haragwe. Utaona mistari midogo. Hiyo ni mishipa ya jani, ambayo hupitisha maji na chakula. Katika jani la mhindi mishipa hukimbia sambamba kutoka chini hadi kwenye ncha. Katika jani la haragwe mishipa hutoka kwenye mshipa mkubwa, ikagawanyika na kuungana tena kama wavu. Hata jani la haragwe likichanika na umbo lake kuharibika, kipande kinachobaki kitakuonyesha wavu huo.

Basi, mchunguzi wa majani ya kale huanza kwa umbo, lakini hatosheki na umbo. Hutazama mishipa. Jani la Glossopteris lina mshipa mkuu katikati, na kutoka hapo mishipa midogo hujipinda kuelekea ukingoni huku ikiungana kama wavu. Kuna jani jingine la kale liitwalo Gangamopteris, ambalo pia lina umbo la ulimi na mishipa ya wavu, lakini halina mshipa mkuu ulio dhahiri katikati. Mtu atazamaye umbo tu ataweza kuyachanganya majani haya mawili. Mtu mwenye lenzi na subira atayatenganisha.

Seward aliyafahamu majani hayo vizuri. Mwaka 1897 alieleza mimea ya kale iliyopatikana Vereeniging, katika Afrika Kusini, ambako majani ya Glossopteris yalikuwamo. Aliendelea kuchunguza mimea ya kale ya Afrika Kusini katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo, ilipofika siku ya kuletewa majani ya ajabu kuliko yote, macho yake yalikuwa yamekwisha kuzoea.

Mawe kutoka Ncha ya Kusini

Upande wa kusini kabisa wa dunia liko bara la Antaktika. Bara hili limefunikwa na barafu nene, na hakuna mti hata mmoja uotao huko. Mwaka 1910 Robert Falcon Scott wa Uingereza aliongoza msafara wa kwenda huko. Tarehe 17 Januari 1912 Scott na wenzake wanne walifika kwenye Ncha ya Kusini. Walikuta kwamba Roald Amundsen wa Norway amewatangulia. Yeye alifika tarehe 14 Desemba 1911.

Scott na wenzake walianza safari ndefu ya kurudi, wakiburuta mizigo yao kwenye gari lisilo na magurudumu. Tarehe 8 Februari 1912 walifika karibu na Mlima Buckley, kando ya mto mkubwa wa barafu uitwao Beardmore. Hapo miamba ilitokeza nje ya barafu. Daktari Edward Wilson, mkuu wa wanasayansi wa msafara, ambaye pia alikuwa mchoraji hodari, aliona tabaka za makaa ya mawe na alama za majani. Siku hiyo na siku iliyofuata waliokota mawe yenye alama hizo. Wilson aliyatazama majani akaona yanafanana na majani ya mti mmoja mkubwa wa misitu ya Ulaya. Alikuwa mtazamaji mwangalifu, lakini huko barafuni hakuwa na majani mengine ya kale ya kuyalinganisha nayo.

Mawe waliyochukua yalikuwa na uzito wa kilo 16 hivi. Watu hao walikuwa wamechoka, wana njaa, na baridi ilikuwa kali mno. Edgar Evans alikufa tarehe 17 Februari. Mwezi wa Machi Lawrence Oates naye alikufa. Watatu waliobaki walipunguza mizigo. Waliacha kamera na chombo cha kupimia nchi. Lakini mawe hawakuyaacha, kwa sababu Wilson aliomba yachukuliwe. Mwishoni mwa Machi 1912 Scott, Wilson na Henry Bowers walikufa hemani mwao, kama kilometa 18 tu kutoka kwenye ghala ya chakula.

Wenzao waliokuwa wamebaki pwani waliliona hema hilo tarehe 12 Novemba 1912. Ndani yake walikuta miili ya wasafiri na daftari zao, na kwenye gari la kuburuta walikuta mawe. Mawe hayo yalipelekwa Uingereza, na Seward akaombwa ayachunguze.

Jibu la Seward

Fikiri jinsi kazi hii ilivyokuwa nzito. Watu watatu waliyaburuta mawe haya mpaka siku zao za mwisho. Je, yalikuwa na thamani yo yote? Kama Seward angetaja jina lisilo sahihi, wengine wangejenga mawazo yao juu ya kosa hilo. Tena visukuku vyenyewe vilikuwa vidogo, na majani mengi yalikuwa yamevunjika.

Mchunguzi wa kazi ya namna hii huenda hatua kwa hatua. Kwanza hutunza maandishi yaonyeshayo kila jiwe limetoka wapi, kwa maana kisukuku kisichojulikana kilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Pili huligeuza jiwe kwenye mwanga utokao upande mmoja, ili vivuli vidogo viionyeshe mishipa. Tatu hupima na kuchora anachokiona, bila kuongeza anachotamani kukiona. Nne hulinganisha kisukuku hicho na vingine ambavyo vimekwisha kuchunguzwa.

Seward alichapisha taarifa yake mwaka 1914. Alionyesha kwamba majani yale hayakuwa ya mti wa misitu ya Ulaya. Yalikuwa majani ya Glossopteris, ya aina ileile iliyojulikana kutoka India. Mshipa mkuu wa katikati na wavu wa mishipa midogo ndivyo vilivyolitambulisha jani. Hivyo mawe yale yakawa na faida kubwa, na jina la Wilson na wenzake likaingia katika historia ya sayansi, ingawa wao wenyewe hawakuishi kulisikia jibu.

Majani yale yalifundisha nini?

Majani ya Glossopteris yalikuwa yamepatikana India, Australia na kusini mwa Afrika. Nchi hizo zimetengwa na bahari kubwa. Sasa ilijulikana kwamba mmea huo uliota Antaktika pia. Mbegu au majani mazito hayawezi kuruka kutoka bara hadi bara na kusitawi kote namna hiyo. Je, mmea ulivukaje bahari?

Kabla ya hapo Eduard Suess, mtaalamu wa miamba kutoka Austria, alitaja bara kubwa la kale aliloliita Gondwana. Jina hilo limetoka India. Mnamo Januari 1912, mwezi uleule Scott alipofika kwenye Ncha ya Kusini, Alfred Wegener wa Ujerumani alitoa wazo kwamba mabara yalikuwa yameungana, kisha yakaachana polepole. Wataalamu wengi walilikataa wazo hilo. Lilikubaliwa na wengi katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kuchunguzwa. Jani la Glossopteris lilikuwa mojawapo ya ushahidi wake. Mmea huo uliishi kati ya miaka milioni 300 na milioni 250 iliyopita, wakati Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilipokuwa nchi moja. Haukuhitaji kuvuka bahari, kwa kuwa bahari hizo hazikuwapo.

Nchi yetu ilikuwa sehemu ya bara hilo. Kati ya mwaka 1895 na 1897 Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa machimbo, alizunguka nchini akaona makaa ya mawe karibu na Ziwa Nyasa. Mimea ya kale aliyoikusanya ilielezwa mwaka 1900 na Henry Potonié wa Berlin. Mwaka 1922 Seward naye aliandika juu ya visukuku vichache vya mimea vilivyotoka Tanganyika. Elimu hii huwafaa watafutaji wa makaa. Tabaka mbili zilizo mbali zikiwa na mimea ya aina moja, mtaalamu hupata dalili kwamba zilitandazwa katika zama zinazokaribiana.

Mwalimu wa wengine

Seward hakukaa chumbani siku zote. Mwaka 1921 alisafiri hadi Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini chenye barafu nyingi, akakusanya visukuku vya mimea ya zamani. Huko pia mawe yalishuhudia kwamba nchi ya baridi ya leo iliwahi kuwa na joto zaidi.

Alifundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi. Mmoja wao alikuwa Birbal Sahni wa India. Mwaka 1920 mwalimu na mwanafunzi huyo walichapisha pamoja kazi juu ya mimea ya Gondwana iliyopatikana India. Sahni alikuwa amerudi kwao mwaka 1919, akafundisha vijana wengi, na baadaye akaanzisha mjini Lucknow chuo cha kuchunguza mimea ya kale. Hivyo elimu iliyotoka kwa Williamson ilimfikia Seward, ikafika kwa Sahni, na kutoka kwake ikaenea India.

Mwaka 1936 Seward alistaafu, na mwaka huohuo alipewa heshima ya kuitwa Sir. Alifariki tarehe 11 Aprili 1941 katika mji wa Oxford, akiwa na umri wa miaka 77.

Alipokufa, fumbo la Glossopteris lilikuwa halijafumbuliwa lote. Mwaka 1952 Edna Plumstead, mtaalamu wa Afrika Kusini, alieleza visukuku vya majani hayo yakiwa bado yameshikamana na viungo vya uzazi. Mawe yake yalitoka Vereeniging, mahali palepale ambapo Seward aliandika habari zake mwaka 1897. Uchunguzi huo na mwingine uliofuata ulithibitisha kwamba Glossopteris ulikuwa mmea wenye mbegu, wala haukuwa kangaga. Jina lililotolewa na Brongniart limebaki, lakini ujuzi wetu umesonga mbele. Sayansi huendelea hivyo: kila mchunguzi huweka jiwe lake juu ya jiwe la aliyemtangulia.

Jambo la kufanya

Chuma majani matano ya mimea mbalimbali iliyo karibu na shule. Fanya mabamba madogo ya udongo wa mfinyanzi. Kandamiza jani moja juu ya kila bamba, upande wa chini wa jani ukielekea udongo, kisha liondoe taratibu. Anika mabamba kivulini mpaka yakauke. Badilishaneni mabamba na wenzako. Kila mmoja ajaribu kutambua bamba alilopewa ni la mmea gani kwa kutazama mishipa.

Maswali

1. Kisukuku ni nini?
2. Kwa nini majani mengi yaangukayo hayawi visukuku?
3. Eleza tofauti ya mishipa ya jani la mhindi na ya jani la haragwe.
4. Jani la Glossopteris hutofautianaje na la Gangamopteris?
5. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa Wilson kulitambua jani aliloliona Antaktika?
6. Kwa nini mchunguzi lazima aandike mahali kisukuku kilipopatikana?
7. Majani ya Glossopteris yanatufundisha nini juu ya mabara ya dunia?
8. Taja sehemu tatu za Tanzania zenye makaa ya mawe. Kwa nini makaa hayapatikani katika milima ya Mbulu?